Bi Mwenyewe na Kamati ya Harusi

Ndugu yangu mwenye mtoto wa miaka minne, wewe sina haja ya kukueleza sana. Wasio na watoto wa umri huo ndio watakaosema naongeza chumvi.

Kwetu Tabata, gari la shule hupiga honi saa kumi na mbili na robo alfajiri, na dereva wake hana subira ya honi ya pili. Wakati huo mimi nimeshavaa tai, natafuta soksi ya pili, nawaza foleni. Na wakati huohuo binti yangu, ambaye cheti cha kuzaliwa kinamtambua kwa jina la Mwanahamisi lakini mimi namwita Bi Mwenyewe, anakaa katikati ya sebule na kuanza kuvaa sweta.

Ukimsogelea tu anakuinulia kiganja. "Mwenyewe!"

Sweta analitandaza sakafuni, limefunguka, kola ikielekea vidole vya miguu yake. Anachuchumaa, anachomeka mikono yote miwili kwa mpigo, halafu anainuka na kulirusha juu ya kichwa, na likitua liko mgongoni, limemkaa sawasawa. Wamefundishwa hivyo shuleni, na siku ya kwanza ukiona utapiga makofi. Ila sebule yetu ni ndogo, na sweta likiwa angani hupitia chochote kilicho mezani: rimoti, chai yangu, na asubuhi moja miwani ya mama mkwe. Kisha vinafuata vifungo. Anaanza cha chini, anapanda kimoja kimoja, ulimi umetoka pembeni, akifika shingoni anakuta kifungo kimoja kimebaki hakina tundu. Hapo mzazi wa kawaida angeinama akamaliza kazi. Mimi siruhusiwi. Anavifungua vyote na kuanza upya, honi inalia nje, nami nimesimama na begi lake dogo mkononi, jasho linanitiririka kwenye kola niliyopiga pasi mwenyewe.

Amri ya kutomsaidia imetoka kwa mke wangu. Hadharani ni Mama Salim. Kimoyomoyo namwita Mama Semina, maana haendi semina akarudi mikono mitupu. Alipotoka ya ufugaji, vifaranga vililala bafuni kwetu na sisi tukawa tunaoga uani. Alipotoka ya kutengeneza sabuni ya maji, majirani waliwashwa viganja kwa wiki nzima na hawakutudai kwa sababu ya ujirani tu. Kwa hiyo masista wa shule ya Bi Mwenyewe walipowaita wazazi kuwaeleza mfumo wao wa Montessori, nilijua yanayokuja. Masista wa Kikatoliki wana uzoefu mrefu wa mfumo huu hapa nchini, wanaendesha hadi vyuo vya walimu wake. Mama Semina alirudi na daftari limejaa kuanzia jalada hadi jalada.

Alinisomea kitandani. Maria Montessori alikuwa daktari wa Kiitaliano, alihitimu Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, enzi ambazo mwanamke daktari kule alikuwa kioja. Jijini Roma kulikuwa na mtaa wa mafukara, San Lorenzo, ambako majengo ya kupangisha yalikuwa yamekarabatiwa. Wazazi wakienda vibaruani, watoto wadogo hubaki nyuma wakichora kuta na kuharibu ngazi. Wenye majengo wakapiga hesabu, wakaona nafuu kuwatengea watoto hao chumba na mtu wa kuwaangalia. Daktari akaalikwa, na tarehe 6 Januari 1907 ikafunguliwa Nyumba ya Watoto, ikianza na watoto 50 na ushei.

"Yaani mfumo wote huu," nikauliza, "ulianza kwa kuokoa kuta za mwenye nyumba?"

"Sikiliza, Baba Salim."

Nikasikiliza. Mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini. Siku moja mwalimu akasahau kufunga, na watoto wakajihudumia. Walipokutwa, kila mmoja alikuwa amechukua alichokipenda na amezama kwenye kazi yake, hakuna fujo wala kelele. Kokote kwingine wangechapwa. Daktari yeye aliona kwamba watoto wanaweza kujichagulia kazi, akataka rafu fupi zilizo wazi, mtoto achukue mwenyewe na arudishe mwenyewe.

Hapo kwenye rafu fupi ndipo ningetakiwa kushtuka, lakini nilikuwa nasinzia. Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikakuta kabati la televisheni limekatwa miguu. Tangu siku hiyo taarifa ya habari tunaitazama shingo tumeinamisha, utadhani tunafiwa.

Nilijitetea kidogo. Nikamuuliza Mama Semina, huyo daktari alikuwa na watoto wangapi wa kwake? Akapekua daftari. Mmoja, Mario, aliyezaliwa 1898 nje ya ndoa na kulelewa na familia nyingine huko shamba, hadi alipokuwa kijana wa miaka kama 15 ndipo mama yake akamchukua. Nikajinyoosha kitandani kwa raha ya mshindi. "Kumbe na yeye yalimshinda." Mama Semina akafunga daftari, akasema Mario huyohuyo alikuja kuwa msaidizi wa mama yake hadi mwisho wa maisha yake, na je, mimi mara ya mwisho kumsaidia mama yangu ilikuwa lini? Taa ikazimwa.

Katika nyumba yetu fundi ni shemeji yangu, mdogo wake Mama Semina, mwenye benchi lake la useremala Keko. Tunamwita Shemeji Kesho, na sababu anaijua kila mtu aliyewahi kumwagiza kitanda. Alipewa kazi ya kuchonga mnara: vibweta 10 vya mbao, kikubwa upana wa sentimita 10, kinachofuata 9, hivyo hivyo hadi kidogo kabisa cha sentimita moja. Shuleni mnara huo una rangi ya waridi. Wetu ulikuwa wa rangi ya maziwa, kwa sababu Keko siku hiyo ndiyo iliyobaki kwenye kopo la mteja. Mtoto anaupanga kutoka kikubwa hadi kidogo, na uzuri wake ni kwamba hahitaji mtu wa kumwambia amekosea. Akiruka kimoja, mnara wenyewe unamsuta. Ndiyo siri ya vile vifungo vya sweta. Ndiyo sababu ya mimi kuchelewa kazini.

Wiki hiyohiyo kibweta kidogo kikapotea. Bi Mwenyewe alipanga 9, akatazama kileleni, akavunja, akapanga tena, akatazama. Tukatafuta chini ya makochi, kwenye viatu, kwenye unga. Shemeji Kesho akaombwa achonge kingine. Unajua alichojibu.

Katika hali hiyo ndipo alipowasili mama mkwe wangu kutoka Tanga, Bibi Chumbageni, kwa ajili ya harusi ya huyo Shemeji Kesho. Harusi ilikuwa miezi mitatu mbele, lakini Bibi hapendi kuchelewa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yamepita begani kwangu hadi chumba cha watoto, alikoona godoro la Bi Mwenyewe liko chini, halina kitanda. Nalo ni la kwenye daftari: godoro likiwa chini, mtoto anapanda na kushuka bila kumwita mtu.

"Mwanangu," akaniuliza kwa sauti ya pole, "mna matanga? Mbona magodoro yako chini na mimi sikupewa habari?"

Akaapa kwamba somo yake, aliyepewa jina lake, hatalala sakafuni yeye akiwa hai. Na godoro la chini magoti yake hayaliwezi. Basi Bibi, mjukuu na Mama Semina wakachukua kitanda chetu, mimi nikapewa godoro la mtoto, ambalo linanifikia magotini. Ukipita usiku kwenda msalani usishangae kukuta miguu ya mtu mzima kwenye korido.

Bibi na mfumo mpya walikuwa na uhusiano mgumu kidogo. Siku ya kwanza alimkuta mjukuu amekaa kwenye mkeka, mabakuli mawili mbele yake, anahamisha maharage kwa kijiko kutoka bakuli hili kwenda lile na kutoa mabovu. "Hii ndiyo mnayolipia ada?" akauliza. "Mama yake huyu akiwa na miaka minne alikuwa anachambua mchele, anapepeta, na kidumu chake cha lita tatu anakwenda nacho bombani. Sikumlipa sista hata senti." Mama Semina alifungua mdomo, akaufunga. Mimi nilikwenda jikoni kucheka.

Ila Bibi huyohuyo, wali ukishawekwa mezani, alimkalisha mjukuu mapajani na kumlisha tonge kwa tonge, samaki amechambuliwa mwiba mmoja mmoja. Ukimkumbusha kidumu cha lita tatu anasema yule alikuwa mtoto, huyu ni mjukuu.

Kilichomvuta Bibi ni hesabu. Shuleni wana shanga za rangi ya dhahabu: moja moja, kisha zimetungwa kumi kumi kwenye waya, kisha kumi hizo zimeunganishwa bapa la mia, kisha mabapa yamepandanishwa kuwa mchemraba wa elfu. Mtoto anaishika elfu mkononi, anaona ilivyo nzito kuliko mia, kabla hata hajajua kuiandika. Mama Semina alikuwa anatafuta shanga Kariakoo zisizomkausha pesa. Bibi akasema, acheni upuuzi, shanga ninazo. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akafungua sanduku lake. Jioni mjukuu alikuwa na moja moja za kutosha, kumi kumi, na bapa moja zuri la mia. Elfu Bibi aliikwepa.

Mimi ni mtu wa pwani. Ninajua shanga ndogo za rangi ya dhahabu za mama wa makamo zinakaa wapi zikiwa kazini. Mkwe hana la kuuliza hapo. Nilizipita zile shanga pale rafuni kwa heshima zote, macho juu.

Salim naye, kaka mtu, ana kesi yake. Yuko darasa la tano na namwita Wakili. Alisoma darasa la awali la kawaida, ule mwaka mmoja ambao Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya wa lazima, wakiwa wamebanana wakiimba a-e-i-o-u hadi koo zikauke. Hoja yake ni hii: "Mimi nikimwaga maji naambiwa sina akili. Yeye akimwaga anapewa tambara na anaambiwa hongera." Sijapata jibu mpaka leo. Maana Mama Semina ameamuru kwamba Bi Mwenyewe anywee glasi ya kioo na amimine kwa jagi la kioo, kwa kuwa kikombe cha plastiki hakimfundishi mtu uangalifu. Hivyo ile seti tuliyozawadiwa kwenye harusi yetu, iliyokaa kabatini miaka yote ikisubiri mgeni wa maana, ilishushwa kwenye rafu fupi. Glasi ziliondoka moja moja. Jagi lilikuwa bado lipo Jumapili ile kamati ya harusi ilipokuja kukaa kwetu.

Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mkuu mstaafu, jirani. Mweka hazina ni mama mmoja wa mtaani, Mama Vikoba, ambaye daftari lake la michango linaogopwa kuliko hati ya mahakama. Pamoja na wajumbe wengine walifika mlangoni wakakuta Bi Mwenyewe ametandika ule mkeka wa ukindu ambao Bibi alimletea, karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake kuna mnara wa vibweta 9.

"Mkeka wa kazi haukanyagwi," akawaambia. "Piteni pembeni."

Watu wazima, wengine wamevaa baibui zao nzuri, wengine na vitambi, walipita wakiwa wameegemea ukuta mmoja mmoja. Mwalimu mkuu alipokaa akaamua kumpima mtoto. Akamtaka aimbe irabu. Bi Mwenyewe akaenda rafuni, akaleta kibao chenye herufi ya msasa, akashika vidole viwili vya mwalimu, cha shahada na cha kati, akavipitisha juu ya m taratibu. "Mmmm," akamwambia. "Sema." Pamoja na miaka yote aliyofundisha, mzee wa watu akasema mmmm mbele ya kamati.

Kikao kikaanza. Juisi ya ukwaju ilikuwa kwenye jagi la kioo, katikati ya meza ndogo. Mama Vikoba akafungua daftari na kusoma ahadi, na akafika kwangu haraka kuliko nilivyopenda.

"Baba Salim. Ameahidi laki mbili. Ametoa elfu hamsini."

Bi Mwenyewe akainua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Elfu?"

Akanyanyuka na sinia lake la shanga. Akaonyesha: hii moja, hii kumi, hii mia. Aliweka kila moja mbele ya wageni na kuwapa wazishike, kama anavyofanya sista. Mwalimu mkuu akachukua waya mmoja, akazihesabu shanga kwa ukucha, akathibitisha ni kumi kamili. Mama Vikoba, anayependa hesabu kuliko sisi sote, akafurahi sana.

"Mashallah! Na elfu iko wapi, mwanangu?"

"Elfu hatuna," akasema Bi Mwenyewe. "Nyingine Bibi bado anavaa."

Sijui kama umewahi kusikia feni ya dari ikizunguka. Mwalimu mkuu aliirudisha ile kumi kwenye sinia polepole, akajifuta vidole kwenye kitambaa. Bibi Chumbageni akakumbuka kuna wali jikoni, wali ulioiva tangu adhuhuri. Mimi nilitazama dari na kuikagua kwa makini. Ina ufa upande wa kushoto. Mama Semina, mwenye jibu la kila kitu, hakuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Aliyetuokoa ni yeye mwenyewe Bi Mwenyewe. Alichuchumaa kuweka sinia chini, na macho yake yakawa usawa wa mguu wa meza. Ile meza ilikuwa inayumba zamani, siku za karibuni ikawa imetulia, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Chini ya mguu mmoja, kimebanwa vizuri, kulikuwa na kibweta cha sentimita moja, rangi ya maziwa. Bibi alikuwa amekiokota, akakipatia kazi ya maana.

"Kile changu!"

Aliinua mguu wa meza kwa mkono mmoja, akachomoa kwa mwingine, akauachia. Meza ikainama upande wa Mama Vikoba. Jagi likaanza kuteleza bila haraka yoyote, sote tukiliangalia, likagonga ukingo wa daftari la michango, likajimwaga lote kwenye ukurasa wenye jina langu, na kutoka hapo likaenda sakafuni na kuwa vipande. Wajumbe wakaruka. Mama Semina akainua kiganja, kilekile cha binti yake, akasema kila mtu akae alipo. Vioo akaviokota yeye. Bi Mwenyewe alishakwenda kuleta tambara na kindoo chake, akaanza kufuta kutoka pembeni kuja katikati ili juisi isisambae, akikamua, akifuta, huku mwalimu mkuu amepandisha miguu yote miwili kwenye kochi kumpisha.

Alipomaliza alinawa, akarudi mkekani, akaweka kibweta cha 10 kileleni. Akautazama mnara wake. Hakumtazama mtu.

Mama Vikoba alikuwa anapepea ukurasa uliolowa. Ahadi yangu ilikuwa bado inasomeka vizuri. Kiasi nilicholipa ndicho kilichofutika. Nilipomkumbusha zile elfu hamsini, akasema kamati haiwezi kufanya kazi kwa maneno matupu, ina maana daftari linaanza upya.

Kesho yake Bibi alinijia ukumbini akitazama upande mwingine. "Baba Salim, mwanangu, vile vitu vyangu..." Nikamwambia kwa adabu zote, "Mama, mimi hapo simo." Akamwendea mjukuu. Bi Mwenyewe akamweleza utaratibu wa shule: kifaa kikiwa na mtu hakichukuliwi, unasubiri amalize na akirudishe rafuni. Bibi akauliza atamaliza lini. Akajibiwa kwa neno ambalo mjomba wake wa Keko angejivunia.

Muhtasari wa kikao aliuandika Wakili, kwa kuwa katibu hakutokea. Nimeusoma. Yatokanayo: kikao kijacho kifanyike hapahapa. Baba anunue jagi jipya, liwe la kioo. Kijana wa Mama Vikoba apatiwe namba ya simu ya masista. Shemeji atengeneze meza. Na chini kabisa, kwenye Mengineyo, kwa mwandiko uliokolezwa: mtoto wa darasa la tano naye aruhusiwe kumwaga na apongezwe. Mwenyekiti amesaini bila kusoma.